Toleo la Kupandishia

Kiusa, saa nne asubuhi. Mlima haujaamua kutoka.
Mzee Ndewario wa chama cha msingi ameleta mashine
ndani ya gunia la kahawa, imefungwa kwa katani
kama jogoo anayepelekwa kwa wakwe.
"Nipigie windo," anasema. "Ilizima Jumanne.
Wakulima mia tatu na kumi na wawili wamo humo."

Hawamo, nilitaka kumwambia.
Diski kuu ilikuwa ikigonga, tik, tik,
kama mwenye nyumba aliyefungiwa nje.
Nimeitoa, nimeweka mpya,
tupu kama daftari la Januari.

Amekuja na sidii yake, halali, ina muhuri unaong'aa;
walipewa na wafadhili, mwaka ule wa semina na kofia.
Na pembeni, kwa herufi za kujificha:
toleo la kupandishia.
Naijua aina hii. Bei nusu, maneno mara mbili.
Haijengi, inaezeka.
Lazima ikute kuta.

Nikaitia. Ikavuma, ikauliza:
aliyekuwepo kabla yangu yuko wapi?
Nionyeshe wa zamani, ndipo niingie.
Nikarudia. Ikauliza tena, kwa adabu ileile
ya karani wa dirisha la tatu pale wilayani
aliyeshika kadi yangu ya kliniki kwa ncha za vidole:
Jina la baba?
La babu?
Mama, muuza mshare wa Mbuyuni,
alikuwa ameandikisha Aikande, basi.
Karani akasema mfumo haukubali mstari mtupu.

"Ile sidii ya mwanzo," namuuliza mzee, "anayo nani?"
"Eliamani, aliyekuwa karani wetu."
"Yuko wapi?"
Akanyoosha kidole juu. Kibosho au mbinguni,
kwa sisi wa huku chini ni kidole kilekile.

Saa sita umeme ukaenda zake.
Tukala karanga. Ukarudi.

Kuna njia. Alinifundisha Msangi, fundi redio,
kabla hajahamia Babati kufuga kuku.
Unaiingiza bila namba. Ikidai ufunguo, unapita
kama mtu anayepita msibani bila kusalimia.
Itakubali kukaa siku thelathini, mgeni wa sebuleni.
Halafu, ikishasimama, unaitia sidii ileile tena
juu ya mgongo wake wenyewe.
Inatazama chini, inaona kuta, inauliza:
wa zamani yupo?
Yupo. Ni wewe, wa saa moja iliyopita.
Inaridhika.

Asilimia kumi na nne. Asilimia kumi na nne.
Asilimia kumi na tano.

Msiniite mwizi. Sidii imelipiwa.
Nimejenga ukuta haraka haraka
ili paa lipate pa kulala.
Na wilayani nilirudi kesho yake, dirisha la nne.
Pa baba nikaandika Aikande. Pa babu, Aikande.
Kijana wa zamu hata hakuinua macho;
akabonyeza, mfumo ukameza.
Kitambulisho changu kinasomeka leo
kama mtu anayejiita mwenyewe
kutoka ng'ambo ya korongo.

Saa kumi na moja mashine ikawaka,
haimkumbuki yeyote, inamkaribisha kila mtu.
Mzee akavaa miwani. "Wakulima wangu?"
Nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo.
Kisha akaingiza mkono ndani ya koti,
akatoa leja, kurasa zimekauka mawimbi,
zinanuka maganda ya kahawa na moshi wa jikoni.
Eliamani alikuwa na mwandiko wa kuegemea,
kama migomba baada ya upepo.

"Soma," nikasema.
"Aikaruwa Temba. Kilo arobaini na tatu."
Nikaandika.
"Hapana, subiri." Akasogeza kiti.
"Huyo alikuwa analowesha magunia.
Andika thelathini na nane."